Gharama ya Kufuli la Taarifa: Mita ya LUKU, Simu ya Mhudumu na Kompyuta ya Zahanati

Maandishi ya mhadhara kwa wakazi wa kata kuhusu usalama wa taarifa katika huduma za umma



Katika mkoa wa Singida, kama ilivyo kwingineko nchini, daftari kubwa la mezani linaendelea kuipisha kompyuta. Katika vituo vya afya vinavyotumia mfumo wa GoT-HoMIS, mgonjwa huandikishwa, huonwa na tabibu, hupimwa na hulipia dawa, na kila hatua huacha alama ndani ya mashine. Mtoza ushuru mnadani hushika mashine ya POS mahali pa kile kitabu cha stakabadhi cha karatasi ya kaboni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hubeba simu au kishikwambi anapopita nyumba kwa nyumba. Mabadiliko haya yana faida ambazo hazihitaji kutetewa hapa. Yana pia hatari moja ambayo daftari halikuwa nayo kwa kiwango hicho: daftari likiibwa, mwizi hupata kurasa alizoziiba, kishikwambi kikiibwa, mwizi huweza kupata kijiji kizima.

Mama anayechukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akiwa katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, hana pa kujificha endapo orodha ya kliniki itatoka. Namba ya siri iliyojulikana hubadilishwa kwa dakika moja, lakini historia ya afya iliyojulikana haibadilishwi. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua haki ya mtu kuheshimiwa na kulindwa faragha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na inamtaka kila anayezikusanya azilinde ipasavyo.

Njia kuu ya ulinzi huo ni usimbaji fiche, yaani kuyageuza maandishi kuwa mchanganyiko usiosomeka ila kwa mwenye ufunguo. Kuhusu njia hiyo hayakosi malalamiko. Mmoja husema inaichosha kompyuta. Mwingine husema inamaliza bando. Wa tatu husema betri ya sola haiwezi kuhimili. Basi kufuli huzimwa, na kazi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa vipimo, maana usimbaji una gharama kweli, na gharama hiyo hutofautiana sana kati ya kanuni moja na nyingine na kati ya mashine moja na nyingine.

Kipimo chenyewe si kigumu kukielewa. Kichakataji cha kompyuta hufanya kazi kwa mipigo, kama mtwangaji na mchi wake. Kichakataji kidogo cha simu ya bei nafuu hupiga mara bilioni moja hivi kwa sekunde. Wataalamu wanapolinganisha kanuni za usimbaji, ambazo wao huziita algorithimu, huuliza kwanza: kuisimba baiti moja, yaani takriban herufi moja ya maandishi, kunahitaji mipigo mingapi? Baada ya hapo huuliza kanuni inahitaji kumbukumbu kiasi gani, inarefusha ujumbe kwa kiasi gani, na ufunguo wake ni mrefu kiasi gani. Jibu la swali la kwanza halitegemei kanuni peke yake. Lori lenye magunia 200 ya alizeti hutumia mafuta kwa namna moja katika tambarare ya Manyoni na kwa namna nyingine kabisa linapoupanda mlima Sekenke. Mzigo ni uleule, injini ni ileile, ila njia ndiyo iliyobadilika. Katika usimbaji, njia hiyo ni mashine.

Mfano wa kwanza umo ukutani mwa nyumba nyingi. Mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, hupokea tarakimu 20 na kutoa umeme. Mita haiulizi mtandaoni kama umeme umelipiwa kweli. Inajua kwa sababu tarakimu hizo ni ujumbe uliosimbwa, na mita ina ufunguo wa kuusimbua. Utaratibu huo unafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Ndani ya tarakimu 20 mna biti 66 tu, yaani sifuri na moja 66 za lugha ya mashine. Katika hizo, biti 24 hubeba wakati tokeni ilipotengenezwa, biti 16 hubeba kiasi cha umeme, biti 16 nyingine ni za kukagua kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa, na chache zilizobaki hueleza aina ya tokeni na kuongeza bahati nasibu kidogo. Biti 64 kati ya hizo 66 husimbwa.

Hapa ubahili wa nafasi unaonekana waziwazi. Kanuni mashuhuri kuliko zote duniani leo, AES, hufanya kazi kwa fungu la biti 128 kwa mkupuo mmoja. Kama tokeni ya umeme ingesimbwa kwa fungu zima la AES, mteja angelazimika kubonyeza tarakimu 40 badala ya 20, gizani, huku tochi ikiwa mdomoni. Ndiyo maana kiwango cha STS hutumia kanuni zenye fungu la biti 64, mojawapo ikiwa MISTY1, iliyobuniwa na Mitsuru Matsui na wenzake katika kampuni ya Mitsubishi huko Japani katika miaka ya 1990. Kipimo kilichoamua hakikuwa kasi wala umeme wa kichakataji, bali kidole cha mteja.

Wananchi wengi watakumbuka yaliyotokea mwaka 2024. TANESCO iliwataka wateja waboreshe mita zao, na mteja aliponunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Maneno mengi yalisemwa mitaani kuhusu jambo hilo, mengine ya kuchekesha. Sababu ilikuwa hesabu. Saa ya tokeni huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216. Dakika hizo zilikuwa zinafika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Ili hesabu ianze upya bila tokeni za zamani kukubalika tena, kila mita ilipaswa kupewa ufunguo mpya. Ufunguo wa biti 64 haukuenea katika tokeni moja. Ukagawanywa katika mbili, na tokeni ya tatu ikaleta umeme wenyewe. Kwa mita zinazotumia ufunguo wa biti 128, kiwango hicho kimeweka tokeni nne za ufunguo, yaani tarakimu 80 kabla ya uniti ya kwanza. Hiyo ndiyo bei ya ufunguo mrefu inapolipwa na binadamu badala ya mashine.

Je, ufunguo mfupi wa mita si hatari? Hatari ipo, lakini imezungushiwa ukuta. Kila mita ina ufunguo wake, unaotokana na ufunguo mkuu wa muuzaji pamoja na namba ya mita. Anayeuvunja ufunguo wa mita moja hupata mita moja. Mali ya kulindwa hasa ni ule ufunguo mkuu, nao huhifadhiwa katika kifaa maalumu kilichotengenezwa ili usiweze kutolewa nje yake.

Urefu wa ufunguo una historia ya kufundisha. Mwaka 1977 Marekani ilitangaza kanuni ya DES kuwa kiwango cha serikali, ikiwa na ufunguo wa biti 56. Wakati ule ilionekana inatosha. Mwezi Julai 1998, shirika la Electronic Frontier Foundation lilitengeneza mashine kwa gharama iliyokuwa chini ya dola 250,000 za Marekani, na mashine hiyo ikaupata ufunguo wa DES kwa kujaribu mmoja baada ya mwingine kwa muda wa saa 56. Tiba ya haraka ilikuwa kuisimba taarifa mara tatu, njia iliyoitwa 3DES. Ilikuwa salama zaidi, ila ilikuwa mzigo. DES hupitisha kila fungu la baiti 8 katika mizunguko 16. Mara tatu ni mizunguko 48. Baiti 16 zikaigharimu mashine mizunguko 96. AES yenye ufunguo wa biti 128 huzimaliza baiti hizo 16 kwa mizunguko 10. Mizunguko ya kanuni mbili hailingani kazi moja kwa moja, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata mizani mbovu ingeiona.

AES yenyewe ilipatikana kwa mashindano ya wazi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliyatangaza mwaka 1997. Kanuni 15 zikaingia, tano zikafika fainali, na mwezi Oktoba 2000 ikachaguliwa kanuni ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ikawa kiwango rasmi mwezi Novemba 2001. Waamuzi walitazama usalama, kisha wakatazama gharama: kasi katika kompyuta kubwa, na kumbukumbu inayohitajika katika kadi ndogo zenye kichakataji. Mshindani mmoja, Serpent, alikuwa na mizunguko 32 na alisifiwa kwa tahadhari yake. Alikuwa pia mzito. Uamuzi huo ni wa kuheshimiwa, kwa kuwa kufuli zito mno huishia kufunguliwa na kuachwa wazi na mwenye nyumba mwenyewe.

Mtu akiambiwa achague kati ya AES ya biti 128 na ya biti 256, tofauti ya gharama ni mizunguko 10 kwa 14, yaani kazi iliyoongezeka kwa asilimia 40 hivi. Hakuna mashine inayojulikana inayoweza kuujaribu ufunguo wa biti 128 hadi kuumaliza. Kwa zahanati, zote mbili zinatosha. Ile 3DES inapaswa kustaafu: NIST iliacha kuiruhusu kwa usimbaji wa taarifa mpya baada ya tarehe 31 Desemba 2023, na mapema, mwaka 2016, watafiti walionyesha kwamba kanuni zenye fungu la biti 64 huanza kuvuja pale ufunguo mmoja unaposimba taarifa nyingi zinazokaribia gigabaiti 32. Mita ya umeme, inayopokea baiti nane kwa tokeni, haitafika huko hata ikirithiwa na vitukuu. Kompyuta inayobeba picha za mionzi itafika.

Sasa ije kompyuta ya zahanati. Kuanzia mwaka 2010, kampuni ya Intel ilianza kuuza vichakataji vyenye amri maalumu za AES zilizochongwa ndani ya chuma chenyewe, na wengine wakafuata. Katika mashine ya namna hiyo, AES hugharimu takriban mpigo mmoja kwa baiti, mara nyingi chini ya hapo. Mtumiaji hawezi kuhisi tofauti kati ya diski iliyosimbwa na isiyosimbwa. Kompyuta mpakato nyingi za kazi zilizonunuliwa katika miaka kumi iliyopita zimo katika kundi hili, na kwa hizo neno kwamba usimbaji unaichosha mashine limepitwa na wakati.

Tatizo la kweli lilikuwa kwenye simu za bei nafuu, zile hasa ambazo mhudumu wa kijijini hupewa. Nyingi zilikuwa na kichakataji cha aina ya Cortex-A7, kisicho na amri hizo za AES. Hapo AES hulazimika kufanywa kwa hesabu za kawaida, na utekelezaji wake wa kasi hutegemea majedwali ya kilobaiti kadhaa katika kumbukumbu. Majedwali hayo yana ubaya wa ziada, kwamba muda wa kuyasoma huweza kumdokezea mpelelezi kilichomo katika ufunguo. Kwa miaka kadhaa Android iliziruhusu simu zenye AES ya polepole, isiyofikia megabaiti 50 kwa sekunde, ziuzwe bila kusimba hifadhi yake. Maana yake kwa lugha nyepesi: mwenye fedha alipata kufuli, na asiye na fedha akapata mlango mtupu. Ni vigumu kuliona jambo hilo kuwa la haki.

Suluhisho lilitoka upande wa hesabu rahisi. Mwaka 2008 Daniel J. Bernstein alitoa kanuni ya ChaCha, ambayo hufanya mambo matatu tu: kujumlisha, kuzungusha biti, na kulinganisha biti ili kupata tofauti. Kila kichakataji duniani hufanya hayo kwa wepesi, na hakuna jedwali linalohitajika. Mwaka 2014 Google iliingiza kanuni hiyo katika kivinjari chake cha Chrome kwa simu za Android, ikieleza kwamba katika vifaa visivyo na amri za AES ilikuwa na kasi mara tatu ya AES. Kisha, mwezi Februari 2019, Paul Crowley na Eric Biggers wa kampuni hiyohiyo walitangaza Adiantum, njia ya kusimba hifadhi ya simu iliyojengwa juu ya ChaCha ya mizunguko 12. Kwenye Cortex-A7, Adiantum husimbua kwa mipigo 10.6 kwa baiti, kasi inayozidi mara tano ya AES ya biti 256 iliyotumika kwa kazi hiyo. Kuanzia Android 10, kila simu mpya inayotoka na mfumo huo inatakiwa kusimba taarifa za mtumiaji, bila msamaha.

Ni vyema hesabu hiyo ishushwe hadi mezani pa zahanati. Ichukuliwe simu yenye mipigo bilioni moja kwa sekunde. Picha ya megabaiti 3 kwa Adiantum hufunguka kwa takriban sekunde 0.03, kwa AES bila amri maalumu, takriban sekunde 0.16. Kunakili gigabaiti 10 za kumbukumbu za mwaka mzima kungechukua chini ya dakika mbili kwa njia ya kwanza, na karibu dakika tisa kwa njia ya pili. Tofauti hiyo ni ya kweli, na anayefanya kazi hiyo kila siku ana haki ya kulalamika. Lakini kadi ya mgonjwa mmoja, yenye maandishi ya baiti 20,000, hata kwa ile njia ya polepole, hugharimu takriban elfu moja ya sekunde. Hakuna foleni ya wagonjwa iliyowahi kurefushwa na elfu moja ya sekunde. Kompyuta inapochelewa kufungua kadi, aghalabu sababu ni diski iliyochakaa, kumbukumbu iliyojaa, au mtandao. Usimbaji husingiziwa kwa kuwa hauwezi kujitetea. Vivyo hivyo kwa betri: kinachoila zaidi ni kioo kinachowaka na redio inayotafuta mnara wa mbali, na hesabu za kufuli huja nyuma sana.

Kuhusu bando, mambo yana sura mbili. Ujumbe unaposafiri mtandaoni chini ya kiwango cha TLS 1.3, kilichotolewa mwaka 2018, kila kifurushi cha hadi baiti 16,384 huongezewa baiti 22 hivi za kufuli na muhuri. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 0.13, kama punje zinazobaki kwenye kishindo baada ya kupima debe. Gharama kubwa ipo mlangoni. Kabla taarifa haijaanza kwenda, simu na seva hutambuana: hubadilishana vyeti na kukubaliana ufunguo, na salamu hizo hubeba kilobaiti kadhaa. Kazi hiyo hutumia kanuni za jozi ya funguo, ule wa wazi na ule wa siri, ambazo ni nzito kuliko AES au ChaCha kwa kiasi kisicholinganishwa. Hatua moja ya RSA yenye ufunguo wa siri hula mamilioni ya mipigo katika kichakataji kidogo. Ndiyo sababu jozi hutumika kwa salamu tu, na taarifa yenyewe hukabidhiwa kanuni nyepesi. Hata kati ya hizo nzito kuna tofauti: ufunguo wa mkunjo wa duaradufu wenye baiti 32 hutoa nguvu inayolingana na RSA ya baiti 384.

Kwa mhudumu aliye kijijini mbali na mnara, hesabu hii ina matokeo ya moja kwa moja. Ripoti 20 ndogo za kilobaiti mbili, kila moja ikitumwa kwa muunganisho wake, hulipa salamu mara 20, na salamu huzidi mzigo. Zikikusanywa na kutumwa jioni kwa mkupuo mmoja, salamu hulipwa mara moja. Tena zibanwe kwanza ndipo zisimbwe. Taarifa iliyokwisha kusimbwa haibaniki tena, kwa kuwa imekuwa mchanganyiko usio na mpangilio. Mfumo uliosanifiwa kwa kinyume cha utaratibu huo utamaliza bando kweli, na lawama zitapelekwa kwa kufuli.

Salamu hizo zitakuwa ndefu zaidi siku zijazo. Mwezi Agosti 2024 NIST ilitoa viwango vya kanuni zinazotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Katika kimojawapo, ML-KEM ya daraja la 768, upande mmoja hutuma baiti 1,184 na mwingine hujibu kwa baiti 1,088, badala ya baiti 32 kwa 32. Kwa ujumbe wa bei ya vitunguu, hayo hayana maana. Kwa taarifa za afya za mtoto aliyezaliwa mwaka huu, zitakazokuwa siri hata baada ya miaka 60, yana maana, kwa sababu anayezinasa leo zikiwa zimesimbwa anaweza kuzihifadhi akisubiri chombo cha kuzifungua.

Lipo eneo moja ambalo wepesi ni adui. Ufunguo wa diski ni mrefu, lakini mtumiaji huufikia kwa neno la siri, na mwizi hubahatisha neno hilo. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano wa aina 10,000. Endapo kompyuta hupima jaribio moja kwa elfu moja ya sekunde, mwizi humaliza zote kwa sekunde 10. Endapo jaribio moja huchukua sekunde nzima, atahitaji saa mbili na dakika 47. Kwa hiyo kanuni za kugeuza neno la siri kuwa ufunguo, kama Argon2 iliyoshinda mashindano ya kimataifa mwaka 2015, zimebuniwa makusudi ziwe polepole na zile kumbukumbu nyingi. Anayelalamika kwamba kompyuta husita kidogo asubuhi anapoingiza neno la siri analalamikia ulinzi wake mwenyewe. Hata hivyo saa mbili na dakika 47 si muda mrefu kwa mwizi mvumilivu; neno la siri liwe sentensi, na likiwa la Kinyaturu au Kinyiramba, litakuwa gumu zaidi kuotewa na mgeni.

Gharama iliyobaki haipimwi kwa mipigo. Diski iliyosimbwa ambayo ufunguo wake umepotea ni chuma. Mtumishi akihamishwa kutoka Itigi kwenda Iramba bila kukabidhi, au mwenye neno la siri akifariki, kumbukumbu za miaka mitano huweza kufungwa milele, na hakuna fundi wa Dodoma wala wa Dar es Salaam atakayezifungua. Katika makabidhiano ya ofisi, funguo za mlango huorodheshwa pamoja na viti na makabati. Ufunguo wa kurejesha diski unastahili mstari wake katika orodha hiyohiyo, na nakala yake iwekwe katika bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya sefu, mbali na kompyuta yenyewe.

Manunuzi nayo yaangaliwe. Anayenunua vishikwambi kwa ajili ya wahudumu aulize mambo mawili kabla ya kuuliza bei: je, kichakataji kina amri za AES, na je, hifadhi husimbwa tangu kiwandani? Jibu la kwanza likiwa hapana, lakini la pili ni ndiyo kwa njia ya Adiantum, kifaa bado kinafaa. Majibu yote mawili yakiwa hapana, unafuu wa bei hiyo utalipwa na mgonjwa. Ofisa wa TEHAMA haitaji kutegemea maneno ya muuzaji. Programu huria ya OpenSSL ina kipimo ndani yake kinachoonyesha, kwa kila kanuni, mashine iliyopo mezani husimba baiti ngapi kwa sekunde. Vipimo vya dakika tano vifanyike juu ya kifaa kimoja cha mfano kabla ya mkataba wa vifaa mia.

Naye mwananchi anayeandikishwa zahanati ana ruhusa ya kuuliza, kwa adabu na bila woga: simu hii ikipotea njiani, aliyeiokota ataweza kuona jina langu? Mhudumu aliyeandaliwa vizuri atajibu kwa sentensi moja. Asiyejua jibu apeleke swali kwa mganga mfawidhi, na kutoka hapo kwa ofisa wa TEHAMA wa Halmashauri. Anayeona kwamba taarifa zake zimetolewa kinyume cha sheria anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.